Kabla ya Kujibu Posa

Posa imeletwa Ijumaa, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba:
kanga doti mbili, udi, bahasha ambayo mjomba hakuifungua,
na salamu za bibi yao: "Wa kushoto hajambo?"
Tukadhani ni uzee.
Kijana ni wa Makorora, fundi umeme, jina lake Faki.
Shangazi Mwantumu akatema tambuu:
"Hatujibu mpaka tuhesabu watu."

Nikachukua daftari la Raya la hisabati,
kurasa za nyuma, ambazo mwalimu hakuzifikia.

Wa kwanza, Mbaruku Feruzi, Mmanyema,
askari wa Mjerumani, namba mia nne na kumi na mbili.
Namba tunayo, imegongwa kwenye bati la shaba.
Siku Waingereza waliposhuka melini hapa Tanga
nyuki waliwauma wa huku na wa kule,
na yeye mpaka anazikwa hakulamba asali.
Mkewe?
Karatasi yasema: askari mmoja, mke mmoja, mtoto wa mgongoni.
Huyo "mke mmoja" alibeba sufuria mpaka Rufiji
na akarudi nayo.
Shangazi akafumba macho.
"Binti Kilua. Mbondei wa Muheza. Andika kwa wino."

Mtoto wa mgongoni ndiye Hemedi.
Keya, Burma, miaka mitatu ya mvua.
Alirudi na medali, na tabia ya kulala ameketi.
Mke wa kwanza, Mdigo wa Moa, alivumilia mwaka:
"Mimi siolewi na mlinzi."
Wa pili, Mwanakheri, Msegeju,
alijifunza kulala ameketi naye.
Medali waliitoboa, ikawa komeo la banda la kuku.
Ipo mpaka leo. Kuku hawamjui mfalme.

Mwanakheri akamzaa Shekue, baba yangu, sajini.
Nilikuwa na siku tisa alipopanda lori kwenda Kagera.
Hapo kalamu ilitaka kuteremka tu,
kwangu, kisha kwa Raya, kazi iishe.
Shangazi akanishika mkono.

"Mama yako alisikia redio, maziwa yakakatika.
Ulilia mpaka sauti ikabaki kama ya paka.
Nyumba ya tatu alikaa Mpemba, Mwanamize,
mumewe kapanda lori lile lile.
Mwanawe akampa ziwa la kulia.
La kushoto akakupa wewe."

Miezi saba.
Baba alirudi na saa ya mwenzake mfukoni.
Mwenzake hakurudi.
Mwanamize akamaliza eda, akahama na mtoto wake, Kombo.
Mama hakuniambia kamwe. Aliona haya, nadhani,
kama mtu aliyeazima chumvi asirudishe.
"Na huyo aliyekufa," niliuliza, na huku najua,
"aliitwa nani?"
"Faki."

Nikapiga mstari kutoka jina langu kwenda pembeni,
nje ya pambizo, ambako daftari halina nafasi,
nikaandika Mwanamize, nikaandika Kombo,
ndugu yangu, ambaye labda nimempita sokoni
miaka arobaini na sita
bila hata "shikamoo" au "mambo".

Mjomba akampigia sheikh.
Nani kanyonya? Mama wa binti.
Kwa nani? Kwa bibi yake kijana.
Mara ngapi?
Mara ngapi! Miezi saba, sheikh.
Simu ikanyamaza.
Raya mlangoni kashika pazia kama anataka kuling'oa.

"Basi hao ni binamu. Haina neno."

Shangazi akacheka, meno mekundu yote nje:
"Binamu, nyama ya hamu!"
Mjomba akafungua bahasha.

Jibu litapelekwa Jumapili, na wanaume, kwa utaratibu.
Mimi naondoka kesho asubuhi.
Saa iko kabatini, imesimama saa nne kasorobo;
nimeifuta vumbi, sikuitia funguo.
Hajambo, nitamwambia.
Wa kushoto hajambo.